Siku Saba Bila Kitoweo

Zuwena, mjukuu wangu,

Bismillahi. Nakuandikia kwa herufi zangu za chuoni, za Kiarabu, kwani za skuli sizijui na umri wa kuzijua umenipita. Wewe unazijua zote mbili, basi usiucheke mwandiko wangu. Mkono huu umezowea mwiko. Nikishika kalamu, herufi zinatoka nene kama kunguni walioshiba.

Sasa hivi ni alasiri. Umetoka na somo wako aliyekufunda kwenda kuaga wazee, na kila nyumba watakukalisha, watakulisha visheti, watakulilia kidogo, kwa hivyo nina wasaa. Kesho mumeo Makame anakuchukua kwao Kiwengwa, na nyumba hii ya Sokomuhogo ntabaki nayo mie na paka wa jirani Bi Zena, ambaye hata si wangu.

Sikuandikii namna ya kukaa na mume, wala ya kumjibu mkwe, wala ya kukunja nguo. Hayo somo wako kakupa, na alichokiwacha nimekupigia kelele miaka kumi na miwili. Kama hakijaingia, hakiingii tena. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimekuficha tangu mwaka aliokufa mama yako, na nisipokwambia leo utaondoka ukinipenda kwa uongo. Sitaki. Bora uondoke unanichukia na kweli unayo mkononi.

Lakini siwezi kulianza hivi hivi. Mie mpishi. Niwache nianzie kwenye chakula, ntafika.

Unaijua ada. Siku saba za fungate maharusi hawashiki jiko, nyumba ya mwanamke ndiyo inayowalisha, na mtaa mzima unatizama sinia inapita na nini chini ya kawa. Siku ya kuku, siku ya biriani, siku ya samaki wa kupaka. Sinia ya fungate isiyo kitoweo, watu watasema mtoto wa watu kaozwa kavu kavu. Na wewe huli chenye damu. Tangu una miaka saba huli nyama, huli kuku, huli samaki, hata dagaa aliyekauka mpaka akasahau kwao. Na ada hiyo hiyo inataka wewe na mumeo mle sinia moja, mkono kwa mkono.

Mie nimepikia arusi za nusu ya mji huu. Nimepika kwa masufuria yanayochukuliwa na wanaume wanne, nikasimama juu yao nikiwatukana wasiyamwage. Sijapata kukosa usingizi kwa chakula kama nilivyoukosa kwa sinia saba za watu wawili.

Na kosa ni langu. Bi Mwaka alipokuja kutizama mchumba wa mwanawe, alikaa hapo hapo kwenye jamvi akaniuliza, na wewe uko nyuma ya pazia unasikia:

"Bi Mize, sisi watu wa pwani. Huyu mtoto wa mjini, pweza anakula?"

Nikamjibu, "Pweza? Atamla yeye na mikono yake yote, akuombe na wa jirani."

Akacheka mpaka akajishika ubavu. Wewe hukucheka. Usiku ule ulinambia, "Bibi, kwa nini?" Nikakwambia nyamaza, mwali hana ulimi. Astaghfirullah. Nilikuwa naona haya. Mpishi wa shughuli, Bi Mize mwenyewe, pilau lake linasifiwa mpaka Malindi, mjukuu wake anakula majani kama anayefuga sungura ndani. Nilidhani watu watasema nakunyima.

Basi nikapanga. Mtu anaweza kumlisha mwanamme siku saba asikumbuke nyama, almuradi kila siku umpe kitu cha kutafuna, kitu cha kunyonya, na kitu kinachomuwasha ulimi. Ukimpa majani matupu siku mbili atakumbuka mbuzi. Shika neno hilo, la kazi, halina uongo ndani yake.

Ijumaa ya kwanza nilikupikieni wali wa nazi na mbaazi. Watu mmetoka kwenye pilau la arusi, matumbo yamechoka, hapana anayeuliza. Sinia ilirudi nyeupe. Jumamosi ndizi mkono wa tembo kwa tui zito, pilipili nzima juu, bila kuipasua, inatoa harufu tu. Makame aliipasua mwenyewe, nikamsikia anakohoa, nawe unacheka. Zuwena, sijakusikia ukicheka vile ndani ya nyumba hii. Nilisimama ukumbini na kawa mkononi kama mwizi.

Jumapili mseto. Wali na choroko chungu kimoja, samli kijiko, na achari ya embe pembeni. Choroko ukiilowesha asubuhi, magharibi haina ubishi nawe. Jumatatu mvua ilininyeshea makaa, nikasema sihangaiki, nikachoma shelisheli mpaka likawa jeusi, nikalimenya, nikalikatakata, nikalitia kwenye tui lenye bizari na ndimu. Siku umechoka, mwanangu, siku umenuna, siku mtoto analia, choma shelisheli. Halimtaki mtu mwenye akili iliyotulia.

Jumanne ndipo tulipokaribia kuumbuka. Mabiringani na viazi kwa ukwaju, na mkate wa kumimina. Mumeo akaita kutoka ndani:

"Bibi! Hivi Darajani samaki wamegoma?"

"Wamegoma," nikamwambia. "Wamesema hawataki kuliwa na mtu wa Kiwengwa, mmeshawamalizia ndugu zao."

Akacheka. Mie sikucheka. Jumatano nikapika borohoa ya maharage, nikaiponda mpaka ikawa laini kama mafuta, nikaitia vitunguu vya kukaanga, na mikate ya chapati. Naipitisha sinia, nakutana na Bi Zena mlangoni. Mwanamke yule ana pua ya panya. Akanyanyua kawa bila kuniuliza.

"Mh. Bi Mize. Siku ya sita hii. Kuku wako wamekwenda hija?"

"Bwana arusi tumbo linamuuma, daktari kamkataza."

"Maskini. Na bibi arusi naye linamuuma?"

"Na wewe litakuuma sasa hivi usipoiwacha kawa yangu."

Nikaenda zangu. Lakini unajua nilifanya nini jioni ile? Nilimtuma mtu kichwa cha changu, nikakiweka juu ya makaa uani, nikakiunguza, harufu ipite ukutani kwa Bi Zena. Nikakaa nakipepea mwenyewe. Hakikuliwa na mtu, paka alikichukua. Mwanamke mzima, mvi kichwa kizima, nakipepea kichwa cha samaki ili jirani alale akidhani nyumbani kwangu mna kitoweo. Na si mara ya kwanza. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili. Wewe ulikuwa ukitapika kwa harufu ile, ukaniuliza mbona naunguza tu wala sili, nikakwambia nafukuza mbu.

Hilo moja. La pili, dagaa. Ulipokuwa na miaka tisa nilisaga dagaa nikakutilia kwenye kunde, nikasema huyu atakula bila kujua, atazowea. Ulikula vijiko viwili ukanitizama. Ukaondoka ukaenda kukaa chooni mpaka magharibi. Nikakupiga, nikasema una deko. Hayo mawili unayajua, na sidhani kama umeyasahau. Nayaandika ili ujue kuwa na mie sijayasahau.

Sasa jana, Alhamisi, siku ya saba. Nimekaa uani juu ya mbuzi nakuna nazi ya kisamvu, mumeo akaja akachutama mbele yangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Rudi ndani. Bwana arusi hatoki fungate mpaka jua lizame."

"Nipishe, Bibi, nikukunie mie."

"Mwanamme hakai juu ya mbuzi. Utakuja kuzaa mapacha."

"Alhamdulillahi, si ndio vizuri?" Kisha akainamisha kichwa. "Bibi, usijisumbue tena. Zuwena kanambia."

"Kakwambia nini?"

"Kwamba hali chenye roho. Kanambia tangu usiku wa pili. Tulikuwa tunakutizama tu unavyohangaika. Mie nilitaka kusema, yeye akanizuia, kasema, mwache bibi yangu amalize, ameshapanga, ukimkatiza utamvunja."

Mlikuwa mnanitizama tu! Watoto nyie hamna adabu. Siku tano mnakaa humo ndani mnajua, mie nje nalogwa na sinia. Nilitaka kumpiga na kifuu.

"Na mama yako je?" nikamuuliza.

"Mama yangu atanuna. Kwetu mkwe mpya huletewa samaki wa kwanza aliyenaswa na dema la baba, ale mbele ya watu. Asipokula, mama ataona kama katemewa mate. Atanuna siku mbili tatu. Halafu atakwenda kumtafutia matembele. Namjua."

Nikasema alhamdulillahi, mambo yamekwisha. Ndipo akasema neno la pili. Alilisema vizuri, kwa heshima, kama anayenipa zawadi.

"Na kanambia sababu, Bibi. Habari ya yule mbuzi, Kidoti. Kasema: 'Usije ukamlaumu bibi yangu hata siku moja. Mama hakuniwachia mimi mnyama, mama aliniwachia mbuzi ya kukunia nazi. Mnyama alikuwa wa Bibi, na Bibi alikuwa na haki ya kumchinja. Mie tu nilikuwa mtoto, sikufahamu.'"

Zuwena. Niliendelea kuikuna ile nazi juu ya mbuzi ile ile. Mumeo akanishika mkono: nilikuwa nimefika kwenye kifuu.

Sasa nimefika. Soma polepole, na kama umesimama, kaa.

Mwaka ule vita vilikuwa ndiyo kwanza vinakwisha. Mchele wa kutafuta, nyama ya kusikia. Mama yako Asha alikuwa karudi na homa kutoka shamba, Kizimbani, alikokwenda kuchuma karafuu, na mkononi kaja na mtoto wa mbuzi jike, mweupe, na doti jeusi katikati ya uso. Alikununulia wewe. Ukamwita Kidoti. Ulikuwa unampelekea ukoko wa wali kila jioni, unamkalia, unamsomesha alifu na bei kama wewe ulivyosomeshwa. Nilikuwa nakukemea, uani panajaa kinyesi.

Homa ya Asha haikushuka. Ilimkausha sauti kwanza. Siku moja kabla ya kufa kwake, asubuhi, mimi nimekaa mlangoni mwa chumba chake nakuna nazi, nimtilie tui kwenye uji. Uani, nyuma yangu, wewe unacheza na yule mnyama. Asha akaniita kwa mkono. Nikainua kichwa. Akasema:

"Mama. Mbuzi mpe Zuwena."

Nikamwambia, "Mbuzi gani?" Kwa sababu mbuzi moja nimeikalia na mbuzi mmoja yuko nyuma yangu, na lugha yetu haikutofautisha baina ya kinacholia na kinachokuna.

Akasema neno moja.

Kwa miaka kumi na miwili nimejiambia alisema *hiyo*. Kwamba alitaka wewe uwachiwe mbuzi ya nazi, ile aliyopewa na mama yangu, chuma chake kizuri, mti wake wa mwembe. Ni wasia wa kawaida, mama kumuwachia binti chombo cha jikoni. Nani atashangaa? Nimekwambia hivyo, nimeiambia familia hivyo, na kila mtu akakubali.

Hakusema *hiyo*. Alisema *huyo*.

Chuoni kwetu mwalimu alitufundisha maneno haya mawili kwa fimbo, kwa sababu ukiyaandika bila irabu yanakaa sawa sawa, huwezi kuyatenga. Linalotenga ni alama moja tu: kasra chini ya herufi ya kwanza, ni *hiyo*, kitu. Dhuma juu yake, ni *huyo*, mwenye roho. Nimeandika hapo juu, na dhuma nimeiweka kwa mkono wangu, nimeikoza wino mara mbili. Itizame. Alisema *huyo*, na macho yake yalipita juu ya bega langu mpaka uani. Nilisikia. Masikio yangu yalikuwa mazima kuliko hivi sasa. Nikaitikia, "Haya, mwanangu, nimefahamu." Hilo ndilo neno la mwisho nililomjibu akiwa na akili zake, na lilikuwa kweli. Nilifahamu.

Ikaja arobaini yake.

Sikiliza na hili, nisije nikakuficha kwa kusema tulikuwa na shida. Shida ilikuwepo, mkono wangu mtupu, lakini watu wengi mwaka ule walisoma hitima kwa wali na maharage, na hapana aliyewasema. Bi Zena mwenyewe alimsomea mumewe kwa uji na kahawa. Mie ningeweza. Lakini nilikuwa nani? Nilikuwa Bi Mize, mpishi wa mji. Nimewapikia watu shughuli zao zote, sasa waje kwangu, kwenye arobaini ya mwanangu wa pekee, niwatilie mbaazi? Nikakaa nikifikiri watakavyoondoka, watakavyosema njiani. Nikamtizama mbuzi uani. Nikajiambia: Asha alisema *hiyo*. Siku ile ndiyo niliyoibadilisha irabu. Nilifanya hivyo nikiwa macho, adhana ya alfajiri inaita, nikiwa na kamba mkononi.

Nilikupeleka kwa Bi Zena usione. Nilipika pilau lile kama sijapata kupika. Na watu wakalisifu. Nisikilize, hapa ndipo penye aibu yangu hasa: walilisifu, nami nikafurahi. Mwanangu ana siku arobaini udongoni, na mie nimesimama na mwiko natabasamu kwa kuwa bibi mmoja kasema nyama imelainika kama haina mfupa.

Ukarudi, ukakaa na watoto, ukala. Ulikuwa na njaa. Ukala ukamaliza, ukakwangua sufuria, ukanijia na ukoko umeukusanya kiganjani.

"Bibi, pilau tamu. Huu nampelekea Kidoti."

Nilikuwa na nafasi ya kukuzuia. Nikakutizama unakwenda. Ukafika uani, ukaikuta kamba. Ukarudi, ukoko bado uko kiganjani.

"Bibi, mbuzi yuko wapi?"

Nikainuka nikaingia jikoni, nikaitoa ile mbuzi ya nazi, nikaiweka mbele yako, mbele ya watu.

"Mbuzi yako iko hapa. Mama yako kakuwachia hii. Shukuru."

Hukulia. Uliitizama, ukatizama sinia za watu, ukafahamu. Mtoto wa miaka saba, ulifahamu kwa haraka kuliko watu wazima wote waliokaa pale. Ukaenda kwenye pipa la maji ukasukutua. Ukasukutua tena. Watu wamekwenda zao, wewe bado unasukutua, mpaka kanzu yako ya msiba ikarowa mpaka miguuni. Mie nikakwambia unaharibu maji.

Tangu siku ile hukutia tena mdomoni chenye damu, na mie tangu siku ile nikaanza kukuona kama unayenihukumu kila sinia ikiletwa. Ndiyo maana ya dagaa. Ndiyo maana ya kichwa cha changu. Sikuwa nataka ule samaki kwa afya yako. Nilitaka ule ili nipate kusahau kwa nini huli.

Na wewe je? Wewe ulichukua uongo wangu ukaufanya ngao yangu. Miaka yote hii unawaambia watu bibi yangu hana kosa, mama aliniwachia chombo. Umemwambia hata mumeo, siku ya pili ya ndoa yako. Ningeweza kuvumilia kama ungenichukia. Sikuweza kuvumilia kutetewa.

Sina ushauri wa kukupa juu ya hili. Wanawake wanaoandika barua kama hii huweka mafunzo chini yake, usiwe hivi, uwe vile. Mie la kukupa ni dogo. Kule Kiwengwa kuna nazi, kuna muhogo, kuna kunde na matembele yanaota yenyewe nyuma ya kila nyumba. Panga siku zako saba na usimfiche mtu kilichomo chini ya kawa. Samaki wa mkweo mshukuru, mshike kwa mikono miwili, uwape watoto wa nyumba wale mbele yake, umwambie Bi Mwaka wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba huli. Usimuachie Makame akusemee. Atanuna, mwache anune. Mtu aliyenunishwa na kweli hurudi. Mtu aliyechekeshwa na uongo, kama nilivyomchekesha mie, siku akijua harudi tena kukaa kwenye jamvi lako.

Na usipikie majirani. Pikia waliokaa mbele ya sinia. Mie nilimpikia Bi Zena miaka kumi na miwili kupitia ukutani, na mtoto wangu kakaa ndani na njaa.

Jua linashuka, nasikia wanawake wanapita njiani, sijui kama ndiyo nyinyi. Nimalize.

Nilikuwa nimekusudia barua hii niitie chini kabisa ya sanduku lako, uikute Kiwengwa, mbali, mie nisiuone uso wako. Nimeandika nusu nzima nikiwa na nia hiyo. Kisha nikaona huu nao ni ule ule ujanja wa kukupeleka kwa Bi Zena usione. Basi nimeibadilisha nia. Nitampa somo wako mkononi leo, akupe kabla ya isha, uisome ukiwa chini ya paa langu.

Kesho asubuhi, kabla ya gari, ada inataka uje chumbani kwangu upige magoti, unishike mkono, uniombe radhi. Usiniombe. Radhi zangu unazo, nimekupa sasa hivi, zote, za kukulea na za kukuozesha, hazina sharti wala hazirudi. Muombaji kesho ni mie. Sijui mzee anamwombaje radhi mtoto aliyemlea. Hatukufundishwa, ada inakwenda upande mmoja. Nitajifunza kesho, kama utanipa nafasi.

Usiponipa, usinipe. Ukipita mlangoni kwangu ukaenda moja kwa moja kwenye gari, sitakuita, na mtu akiniuliza mbona mjukuu wako hakuaga, ntasema tuliagana. Huo utakuwa uongo wangu wa mwisho na utakuwa kwa ajili yako, si kwa ajili yangu.

Lakini mlango ntauwacha wazi. Ntakuwa nimekwisha amka, nimekwisha sali, nimekaa. Sitajifanya nimelala.

Bibi yako,
Mize